Refa Asiyeikumbuka Penalti

Zadok Okeyo aliuliza mara tatu mechi itaanza saa ngapi, na mara zote tatu Josephat alimjibu kuwa imekwisha.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba katika uwanja wa Kigongo, Jumapili moja ya Julai, mwaka 1995. Zadok alikuwa bado amevaa jezi yake nyeusi ya urefa, filimbi inaning'inia kifuani, magoti yote mawili yana vumbi. Upande wa pili wa uwanja watu walikuwa wanaimba, wamembeba mabegani Chenge, nahodha wa Kigongo. Upande huu hapakuwa na mtu. Mashabiki wa Busisi walikuwa wameteremka kwenda kuwahi pantoni iwavushe kurudi kwao, na sauti zao zilisikika kutoka kule chini, zikimtukana mtu.

"Wanamtukana nani?" Zadok aliuliza.

Josephat alikuwa mshika kibendera wake tangu aanze urefa, na haikuwa kawaida yake kusitasita. Alikizungusha kibendera kwenye kijiti chake mpaka kitambaa chote kikaisha.

"Wewe," akasema.

Kisha akamweleza. Katika kipindi cha pili, beki wa Busisi alibutua mpira Zadok akiwa hatua tatu tu mbele yake, ukampiga juu ya sikio la kushoto. Alianguka. Alilala kidogo, akaamka, akasema yuko sawa, mchezo ukaendelea. Dakika kumi kabla ya mwisho mpira ukamgonga beki mwingine wa Busisi kifuani.

"Kifuani kabisa, Zadok. Uwanja mzima uliona. Wewe ukasema mkono, ukatoa penalti. Chenge akafunga. Kigongo wamechukua kombe kwa bao hilo moja."

Zadok alijitahidi kukumbuka. Alijikumbuka Jumamosi jioni, akinyoosha kaptura yake kwa pasi ya mkaa. Baada ya pasi ile lilifuata benchi hili. Katikati hapakuwa na kitu, hata kifungua kinywa.

Zadok alikuwa mtu wa miaka arobaini, mzaliwa wa pwani ya ziwa upande wa Mara. Alikuja Mwanza akiwa kijana, akawa karani katika kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, ushirika uliyumba, na yeye na wenzake wakapunguzwa kazi. Lakini wakati huohuo viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinachipuka mjini, na wakala mmoja akamweka kwenye mwalo wa Kigongo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, awe mpimaji wa sangara. Wavuvi walimpenda kwa jambo moja: kabla ya kuandika, aliigeuza mizani iwatazame wao kwanza. Ndiyo hao hao waliomwomba awe refa. Mtu asiyeiba kwenye mizani, walisema, hataiba uwanjani.

Jioni ile alipofika nyumbani alimkuta mkewe, Agutu, anageuza vipande vikubwa vya sangara kwenye karai.

"Samaki huyu ametoka wapi?"

Agutu alimtazama akidhani anataniwa. "Si Chenge alimleta asubuhi."

"Chenge alimleta hapa?"

"Baba Odongo, mliongea hapo nje. Mimi nilikuwa nyuma nawasha moto. Nilipozunguka nikakuta samaki kwenye beseni mlangoni, na wewe umeshakwenda uwanjani."

"Nilisema nini kuhusu huyo samaki?"

"Kwangu hukusema kitu. Kama ulimwambia yeye, sikusikia."

Zadok aliketi kwenye kigoda. Harufu ya mafuta ilimpanda kichwani, akatoka nje kutapika. Aliporudi hakugusa chakula, na Agutu, ambaye alikuwa ameanza kuelewa kwamba mumewe hatanii, naye hakula. Samaki alibaki sahanini.

Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida. Mwanga wa asubuhi uliokuwa unametameta majini ulimchoma macho kama moshi. Chenge alipofika na mtumbwi wake, Zadok alimvuta pembeni, nyuma ya rundo la nyavu.

"Jana asubuhi tuliongea nini mimi na wewe?"

Chenge alicheka, akatazama huku na huku. "Refa, tulielewana. Mbona unaniuliza mambo hayo hapa penye watu?"

"Nakuuliza kwa sababu sikumbuki."

"Basi vizuri usikumbuke," alisema Chenge, akampiga begani kirafiki, akaenda zake.

Zadok alibaki amesimama pale. Kwa maisha yake yote, swali la kama yeye ni mwaminifu lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa ndani yake mwenyewe. Sasa jibu lilikuwa kwa Chenge, na Chenge alikuwa amekwenda kuosha mtumbwi.

Saa nne hivi aliona mishale miwili kwenye mizani. Akasoma mmoja. Mvuvi akasema siyo. Akasoma wa pili, mvuvi akasema hata huo siyo. Wengine wakasogea kutazama, na mmoja akasema kwa sauti kwamba mtu akishaonja kuuza mechi, mizani nayo itamfuata. Wakala hakugomba. Alimwambia tu aende akatibiwe, arudi macho yake yakipona.

Mganga wa zahanati alimpa vidonge vya maumivu na kipande cha karatasi chenye jina. Kuna daktari katika hospitali kubwa mjini, alisema, anatafuta watu waliopigwa kichwani michezoni. Kesho yake Zadok na Agutu walipanda gari la abiria hadi Mwanza, yeye amejifunika uso kwa kanga ya mkewe kwa sababu ya jua.

Daktari Odeta Machibya alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini. Chumba chake kilikuwa na pazia zito, na alilivuta kabla hata Zadok hajaomba. Alimtajia maneno matano: jembe, barua, ndizi, mlango, moto. Wakazungumza mambo mengine, kisha akamwambia ayarudie. Zadok alirudia mawili, akaongeza moja ambalo halikutajwa.

"Ni mtikisiko wa ubongo," daktari alisema. "Eksirei inaonyesha mfupa, na mfupa wako ni mzima. Mtikisiko wenyewe hauonekani kwenye picha."

Akamweleza kazi yake. Kwa mwaka mmoja alikuwa anafuatilia timu za kata, za shule na za viwandani, mpira wa miguu na netiboli. Alipokuwa sekondari, mwenzake mmoja aligongana na mtu kwenye netiboli, akaambiwa akaze moyo, akarudi uwanjani. Akagongwa tena mechi ileile, na baada ya hapo hakuamka. Tangu hapo Odeta alikuwa na swali.

"Tulivyofundishwa, mgonjwa alale mpaka maumivu yaishe. Lakini nimeona watu wamelala wiki tatu, wakaamka na maumivu yaleyale na huzuni juu yake. Nimeona na waliokimbilia kazini wakazidiwa. Nataka kujua kama kutembea polepole, kuanzia siku ya tatu, kunasaidia. Nusu ya wagonjwa wangu wanalala, nusu wanatembea."

"Na kunasaidia?" Agutu aliuliza.

"Sijui, mama. Ningejua nisingeuliza."

Agutu alimgeukia mumewe kwa macho yaliyosema, tumekuja safari yote hii kwa daktari asiyejua. Zadok naye alichanganyikiwa. Alizoea waganga wanaojua kabla hujakaa. Lakini kulikuwa na kitu katika namna alivyolitamka neno lile, sijui, bila aibu, kama mtu anayesoma mizani. Aliweka sahihi kwenye karatasi ya kukubali, akaambiwa achague bahasha moja kati ya zilizokuwa ndani ya boksi. Ndani iliandikwa: kutembea.

Alipewa daftari. Kila siku aandike ametembea muda gani, na kichwa kimeuma kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi. Kikiuma zaidi akiwa njiani, asimame, akae kivulini, arudi nyumbani. Asikimbie, asinyanyue mzigo, asiguse mpira.

"Daktari," Zadok aliuliza wakiwa mlangoni, "kumbukumbu ya asubuhi ile itarudi?"

"Huenda kidogo. Huenda isirudi kabisa."

"Inawezekana nilifanya jambo baya asubuhi ile, nikiwa mzima, kabla mpira haujanipiga?"

Daktari alifikiri. "Inawezekana. Na inawezekana hukufanya. Kichwa chako hakitakuambia, na mimi siwezi kukuambia."

Siku ya tatu Zadok alianza kutembea. Alitoka nyumbani saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepoa, akaifuata barabara inayotoka kivukoni mpaka kwenye mitaro ya mpunga, akarudi. Siku ya kwanza aliandika dakika kumi, maumivu saba. Ya pili, dakika kumi, maumivu saba. Ya tatu akaandika sita, akalifuta, akaandika saba tena, kwa sababu hakuwa na hakika na sita inafananaje.

Hakuwa amefikiria macho ya watu. Aliyelala ndani anaonekana mgonjwa, lakini huyu alikuwa anatembea jioni mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Abiria waliokuwa wanasubiri pantoni walimnyooshea vidole. Eti mgonjwa. Anaumwa nini huyo anayepunga upepo? Mama mmoja wa jirani alimshauri Agutu kwa upendo kabisa amlaze mumewe, walau mpaka kamati ya ligi ikutane, maana Busisi walikuwa wamekata rufaa.

"Lala, Baba Odongo," Agutu alimwambia. "Siku tano tu. Daktari mwenyewe amesema hajui."

"Nikilala nitaandika nini kwenye daftari?"

"Andika umetembea."

Zadok alimtazama mkewe. Hakuwa na hasira naye. Alikuwa anajiuliza kama wiki iliyopita, yeye mzima, angekubali. Alijikuta hamjui vizuri Zadok wa wiki iliyopita. Alivaa viatu, akatoka.

Siku ya tisa Daktari Odeta alikuja Kigongo mwenyewe, kukagua daftari na kuwahoji walioona tukio. Josephat aliitwa, akakaa sebuleni kwa Zadok na kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Baada ya kuamka alikuwaje?" daktari aliuliza.

"Kawaida."

"Alizungumza na wewe?"

Josephat alikisogeza kikombe pembeni. Agutu, aliyekuwa anapita na birika, akasimama.

"Aliniuliza Busisi ni wale wa bluu au wa njano," Josephat alisema hatimaye. "Nikamwambia bluu. Baada ya muda akaja tena, akauliza lilelile."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikamjibu tena." Aligeuka kwa Zadok. "Ningesema refa hayuko sawa, filimbi ingekuja kwangu. Fainali, watu wote wale, jezi zimetolewa na mgombea ubunge na yeye yupo amekaa mbele. Niliogopa. Nikasema zimebaki dakika chache, zitaisha."

Zadok hakujua ahisi nini. Kulikuwa na nafuu, maana kumbe penalti ile ilitolewa na mtu asiyejua hata rangi za jezi. Kulikuwa na uchungu, maana rafiki yake alimwona anapotea akamwacha apotee. Na chini ya yote hayo samaki alikuwa palepale, kwa sababu samaki aliletwa asubuhi, kabla ya mpira.

"Utayasema haya mbele ya kamati?" alimuuliza Josephat.

"Nitayasema."

Kamati ilikutana Jumamosi katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebana magoti kwenye madawati ya watoto, wengine wamejazana madirishani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu. Josephat alisimama, akasema yote bila kujipunguzia. Daktari Odeta akaeleza mtikisiko ni nini, na kwamba mtu anaweza kuonekana anatembea na kuzungumza huku hajui alipo. Wajumbe walianza kuitikia kwa vichwa. Hata watu wa Busisi walitulia. Mambo yalikuwa yanaelekea kumwendea Zadok vizuri, naye aliliona hilo.

Aliombwa aseme lake. Alisimama, akashika dawati.

"Mnaotaka kunisamehe, subirini," alisema. "Asubuhi ya fainali Chenge alileta sangara nyumbani kwangu. Mke wangu alimkuta samaki huyo kwenye beseni mlangoni. Sikumbuki niliagana vipi na Chenge. Siwezi kuapa kwamba nilimkataa samaki yule, na siwezi kuapa kwamba nilimpokea."

Darasa lilivuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Hakuna aliyekuwa anajua habari za samaki. Agutu, aliyekuwa dirishani, aliinamisha uso.

Chenge aliitwa mbele. Alisema ndiyo, alipeleka samaki, kama jirani, kama anavyopelekea watu wengi, na mechi haikutajwa. Zadok alimkumbusha maneno ya kule mwaloni, kwamba walielewana. Chenge akajibu kwamba ule ulikuwa utani, na kwamba Zadok, kwa maelezo ya daktari wake mwenyewe, si mtu wa kuaminiwa kwa alichosikia siku zile. Watu walicheka. Zadok aliketi, maana hilo nalo lilikuwa kweli.

Kamati iliamua mechi irudiwe. Zadok alisimamishwa urefa kwa msimu mmoja kwa sababu ya samaki, wala si kwa sababu ya penalti. Na kwa maombi ya daktari, waliandika kanuni mpya: yeyote atakayepigwa kichwani, mchezaji au refa, aulizwe maswali pembeni ya uwanja, na asipoyajibu sawasawa asirudi siku hiyo.

Njiani kurudi nyumbani Agutu alitangulia mpaka walipofika karibu na mlango. "Walikuwa wameshakuachia," alisema.

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Alitafuta sababu nzuri, akakosa. "Samaki nilimwona kwa macho yangu," alisema. "Katika siku ile nzima, ndicho kitu pekee ninachokijua."

Wiki ya nne Zadok aliandika sifuri kwenye daftari kwa siku tano mfululizo. Mshale wa mizani ulirudi kuwa mmoja, na wakala akamrudisha kazini. Alimpelekea daktari daftari akitegemea kumwona anafurahi. Daktari alifurahi, lakini kwa kiasi. Wawili waliolala walikuwa wamepona haraka kuliko yeye. Mmoja aliyetembea, mchezaji wa netiboli wa Nyegezi, alikuwa amezidiwa, ikabidi alazwe.

"Kwa hiyo kutembea ni vibaya?"

"Sijui bado. Nahitaji wengine wengi." Alifunga daftari. "Mechi yenu inarudiwa Jumapili. Huna filimbi. Njoo ukae na mimi pembeni, uulize maswali."

Jumapili uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Refa aliletwa kutoka mjini. Bao la kwanza lilikuwa la Kigongo, Busisi wakasawazisha kupitia mshambuliaji wao hodari, kijana mwembamba aitwaye Nkwabi. Muda mfupi baada ya mapumziko Nkwabi aliruka kupiga mpira kwa kichwa, akagongana na beki. Wote wawili walianguka. Beki aliamka upesi. Nkwabi alichelewa.

Wakamleta pembeni. Zadok alichuchumaa mbele yake.

"Mnacheza na nani?"

"Kigongo."

"Bao lenu amefunga nani?"

"Mimi."

"Tuko kipindi cha ngapi?"

Nkwabi alitazama jua. "Cha kwanza," alisema. "Hapana. Cha pili."

"Leo tarehe ngapi?"

"Sijui, mzee. Hata jana sikujua. Sisi wavuvi tunahesabu mwezi."

Mashabiki wa Busisi walikuwa wameshawazunguka. Walimtambua Zadok, na mmoja alisema kwa sauti kwamba huyu huyu aliwamaliza mara ya kwanza, leo anawamaliza tena. Nkwabi alitaka kuinuka. Macho yake yalikuwa angavu na yanamtazama Zadok sawasawa, ingawa pengine yalichelewa kidogo kugeuka. Pengine hayakuchelewa.

"Unasemaje?" Daktari Odeta aliuliza.

"Sina hakika."

"Hata mimi."

Zadok alimshika Nkwabi begani, akamkalisha. "Atoke," alimwambia refa.

Walimtukana mpaka mwisho wa mechi. Busisi bila Nkwabi walifungwa bao la pili dakika za mwisho, na kombe likabaki Kigongo. Chenge alipita mbele ya Zadok akiwa amebebwa mabegani, akampungia mkono kwa furaha, na Zadok hakujua kama mkono ule ulikuwa wa rafiki, wa mshirika, au wa mtu anayemcheka.

Jumatatu alivuka na pantoni ya kwanza kwenda Busisi. Alimkuta Nkwabi ufukweni, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu.

"Kichwa kinauma?"

"Kinauma kidogo," Nkwabi alisema bila kumtazama. "Lakini jana usiku tulikunywa. Siwezi kujua ni kipi."

Zadok aliketi kando yake, akafungua daftari jipya alilopewa na Daktari Odeta, akaandika jina la kijana, kisha akamwomba ampe namba, kuanzia sifuri hadi kumi.